Nilitaka kirusi kiwe na hatia

Vilikuwa vinyota viwili tu. Mashine ya maabara huviweka yenyewe kando ya namba iliyovuka mpaka, bila kumtazama mtu usoni. Kimoja kilikuwa mbele ya AST, kingine mbele ya ALT, vimeng'enya viwili vinavyopimwa kujua hali ya ini. AST 131, ALT 96. Kwenye safu ya mwisho, kwa herufi ndogo, palikuwa na mwisho wa kawaida: 40.

Ilikuwa siku ya tisa tangu kipimo cha puani kinionyeshe mistari miwili. Homa ilikuwa imekwisha na kikohozi kimebaki cha alfajiri tu, lakini nikipanda ngazi kumi nilikuwa nakaa chini kama aliyetua gunia. Ndiyo maana nilikwenda kupima. Nilidhani wataniambia damu imepungua.

Daktari aliiangalia ile karatasi kwa muda wa kupiga chafya moja.

"Ulikuwa unaumwa nini, dada?"

"Korona, daktari."

"Aa, hiyo inapandisha. Rudi baada ya siku kumi tuone."

Akamwita mwingine.

Inapandisha.

Nilitoka na neno hilo kama mtu aliyepewa chenji akaitia mfukoni bila kuihesabu. Limenikaa kichwani wiki nyingi, na ndilo lililonikalisha hapa niandike.

## Ini halikuwa kwenye orodha yangu

Tangu mwanzo tulizoea kuogopa mapafu. Hata msamiati wetu wa miaka ile ulikuwa wa mapafu: kubanwa, kukosa pumzi, mtungi wa oksijeni, mashine. Ini kwangu lilikuwa kitu cha lugha. Maneno makali hukata maini, na habari za msiba vilevile. Sikuwahi kulifikiria kama kiungo chenye uzito wa kilo moja na nusu hivi, kilichojibanza chini ya mbavu za kulia, ambacho karibu robo ya damu yote inayotoka moyoni hupitia humo.

Usiku ule nilisoma. Nikiri mapema: sikusoma ili nijue. Nilisoma nikitafuta wa kumlaumu, na nilikuwa nimeshamchagua.

Ushahidi ulikuwepo, tena wa mapema. Mwanzoni mwa 2020, ugonjwa ungali mpya, madaktari wa China walichapisha taarifa za wagonjwa 1,099 kutoka hospitali zaidi ya 500. Kati ya waliopimwa, AST ilivuka 40 kwa asilimia 22 hivi. Kwa ambao hali zao hazikuwa mbaya, ilikuwa asilimia 18. Kwa waliozidiwa, asilimia 39.

Nikazima simu nikalala. Kesi imekwisha.

Asubuhi niliamka na swali la kuudhi. Namba zile zinasema kwamba aliyezidiwa na korona mara nyingi huwa na vimeng'enya vya ini juu. Hazisemi ni nani aliyevipandisha. Ukifika penye msiba ukakuta watu wanalia, huwezi kusema kilio ndicho kilichoua.

## Mlango uko upande wa nyongo

AST na ALT ni vibarua wa ndani. Kazi yao wanaifanyia ndani ya seli, na kwenye damu hatutarajii kuwaona isipokuwa wachache, wale wa seli zinazokufa na kubadilishwa kila siku. Ukiwakuta wengi nje, ni kama kumwona mpishi amesimama barabarani na aproni yake: huko jikoni kuna jambo.

Jambo gani, hapo ndipo nilipokwama.

Kirusi cha korona hakiingii kwenye seli popote kinapotaka. Kinahitaji kipokezi kiitwacho ACE2, na seli isiyokuwa nacho ni nyumba isiyo na mlango. Nikauliza basi: seli za ini zinacho? Jibu nililolikuta lilinichanganya. Zile seli kuu, zinazofanya kazi nyingi ya ini na kutoa ALT, zina ACE2 kidogo sana. Zenye nyingi ni seli zinazotandika mirija ya nyongo kwa ndani.

Sasa kama kirusi kingekuwa kinaingilia huko kwenye mirija na kuibomoa, alama zake zingeonekana. Bilirubini, ile rangi ya manjano ya nyongo, ingepanda. Vipimo viwili vya mirija, ALP na GGT, vingeruka kabla ya vingine. Macho yangegeuka manjano. Kwa wagonjwa wengi wa korona haiwi hivyo. Bilirubini hukaa palepale au husogea kidogo. Kwangu mimi mistari hiyo yote ilikuwa mitulivu, haina nyota.

Mlango uko upande huu, makelele yanasikika upande ule.

Wapo ambao mirija yao iliharibika kweli. Kuanzia 2021 madaktari walianza kueleza habari za watu waliotoka hai kwenye wodi ya mahututi, baada ya wiki nyingi za mashine ya kupumulia, kisha wakageuka manjano wakiwa tayari wamepona mapafu. Mirija yao ya nyongo ilikuwa imejaa makovu, imebanwa hapa na kutanuka pale, na wengine iliwalazimu kupandikizwa ini jipya. Nilipoisoma habari hiyo nilishika ubavu wangu bila kujijua. Lakini hata hapo kirusi hakisimami kizimbani peke yake, kwa sababu makovu ya namna hiyo yalishajulikana kabla ya korona kwa watu waliokaa sana mahututi kwa sababu nyingine kabisa. Mirija ya nyongo inategemea mishipa midogo ya damu yenye oksijeni. Damu ikishuka nguvu kwa siku kadhaa, mirija ndiyo inayokufa. Hata ketamini, dawa ya usingizi wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa mashine, imo kwenye orodha ya washukiwa.

Waliopasua maini ya marehemu wa korona walikuta nini? Mafuta ndani ya seli, uvimbe hafifu, vidonge vya damu iliyoganda kwenye mishipa midogo. Vipande vya kirusi vilipatikana kwa baadhi yao. Ila haikuwa sura ile ya homa ya ini B inapowaka, ambapo kinga ya mwili inavamia seli za ini moja baada ya nyingine.

Yashike hayo mafuta. Nitayarudia.

## Ini lilikuwa kazini

Kwa wiki nzima ya kwanza nilikuwa nikiliona ini langu kama mtu aliyepigwa. Kilichonigeuza ni mstari mwingine kwenye karatasi ileile, niliouruka kwa sababu niliuona wa kawaida kwa mgonjwa: CRP, juu.

CRP ndicho kipimo ambacho kila daktari alikitazama wakati wa korona kujua moto umefika wapi. Na CRP inatengenezwa na ini! Mapafu yakishambuliwa, seli za kinga hutoa ujumbe wa kikemikali, mmojawapo ukiitwa IL-6, unaosafiri kwenye damu hadi kwenye ini. Ini likiupokea linaacha shughuli zake za kawaida na kuanza kumwaga protini za vita: CRP, fibrinojeni ya kugandisha damu, na nyinginezo. Albumini, ambayo siku za amani ni bidhaa yake kubwa, inapungua. Ndiyo maana albumini ya waliozidiwa hushuka hata kama ini halijapoteza seli.

Kwa hiyo ule moshi tuliokuwa tukiutazama kwa hofu, sehemu yake ulitoka kwenye chimney ya zimamoto wenyewe. Sijui kama mfano huo umekaa vizuri, lakini mimi ulinisaidia.

Tatizo ni kwamba ujumbe ukizidi, unaunguza na anayeupokea. IL-6 nyingi huchokoza kuta za mishipa midogo ndani ya ini, damu inaanza kuganda humo, seli zinavuja. Halafu kuna oksijeni. Ini ni kiungo cha ajabu kwa jinsi linavyokunywa damu: robo tatu hivi ya damu yake hutoka kwenye utumbo kupitia mshipa mkubwa, yaani ni damu iliyokwishatumika mahali pengine. Inayobaki ndiyo hutoka moyoni moja kwa moja, ikiwa mbichi. Seli zilizo mwisho wa foleni hupata oksijeni iliyobakizwa na wenzao. Kila kitu kikiwa sawa hawalalamiki. Mapafu yakifeli, wao ndio wa kwanza kukosa. Na moyo wa kulia ukizidiwa kusukuma damu kwenye mapafu yaliyokakamaa, damu inarudi nyuma na kutuama kwenye ini.

Haya yote hutokea bila kirusi kugusa seli hata moja ya ini.

Mimi lakini sikuwahi kukosa oksijeni. Kile kifaa cha kidoleni hakikushuka chini ya 96. Kwa hiyo maelezo haya mazuri, niliyoyapenda kuliko yote, hayakuwa yangu.

## Kipimo cha moyo kilichohamia

Baada ya zile siku kumi nilirudi. Nikamkuta daktari mwingine, binti mdogo, mwenye subira ya mtu ambaye bado hajachoshwa na foleni. Majibu mapya: AST 46, ALT 71.

"Misuli ilikuuma ulipokuwa unaumwa?"

Nikacheka. Siku ya tatu mapaja yaliniuma mpaka nikawa nashika ukuta kwenda chooni.

"Basi AST yako haikuwa ya ini peke yake," akasema, na akanieleza jambo ambalo baadaye nililitafuta na kulithibitisha. AST imejaa kwenye misuli, kwenye moyo, hata kwenye chembe nyekundu za damu. Kwa kweli ilianza maisha yake ya kitabibu kama kipimo cha moyo. Mwaka 1954 huko New York, LaDue, Wróblewski na Karmen walionyesha kuwa inapanda kwenye damu ya watu waliopata shambulio la moyo. Kwenye ini ilihamia baadaye, moyo nao ukatafutiwa vipimo vingine. ALT ndiyo inayotoka kwenye ini kwa kiasi kikubwa.

Kwenye korona mara nyingi AST huitangulia ALT, kinyume na inavyotarajiwa kwa uvimbe mwingi wa ini, na misuli ni moja ya sababu zinazotajwa. Pia AST haidumu. Nusu yake hupotea kwenye damu kwa saa kama 17, wakati ALT huhitaji saa kama 47. Ndiyo maana kwenye karatasi ya pili mpangilio ulikuwa umepinduka, ALT juu, AST chini.

Nilikuwa nimeilaani karatasi ya kwanza kwa siku kumi bila kujua kwamba sehemu yake ilikuwa barua kutoka kwenye mapaja.

Ila sehemu tu. ALT 96 haikutoka kwenye mapaja.

## Mfuko wa dawa

"Ulitumia dawa gani?"

Parasetamoli, nikamjibu. Vidonge viwili, mara nne kwa siku, kama ilivyoandikwa.

"Na nini kingine?"

Na zile pakiti za unga wa mafua, za kukoroga kwenye maji ya moto. Tatu kwa siku, maana zilinituliza koo.

Akaniambia nilete pakiti kama ninayo. Nilikuwa nayo kwenye mkoba, imekunjwa. Akaigeuza nyuma, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akanisogezea bila kusema neno. Parasetamoli, miligramu 500.

Nikapiga hesabu palepale mbele yake, kwa sauti, kama mtoto wa shule. Vidonge vinane ni gramu 4. Pakiti tatu ni gramu 1 na nusu. Gramu 5 na nusu kwa siku, siku nne mfululizo. Kiwango cha juu kabisa kwa mtu mzima mwenye afya ni gramu 4.

"Ulikuwa unameza dawa moja kwa majina mawili, dada."

Niliona haya. Mimi ndiye ninayesoma karatasi za ndani ya maboksi ya dawa za watu wengine.

Ini huivunja parasetamoli kwa njia kadhaa, na njia moja inaacha taka yenye sumu. Taka hiyo huzimwa na kitu kiitwacho glutathioni, ambacho seli zina akiba yake. Dawa ikiwa kwenye kipimo, akiba inatosha na hakuna tatizo. Ndiyo maana hii imebaki dawa ya kuaminika ya homa, na sitaki mtu asome hapa akaitupa. Ikizidi, akiba inakauka na taka inaanza kuchoma seli. Mtu asiyekula hukaukiwa haraka zaidi, na mimi siku zile nne nilikuwa naishi kwa maji ya moto. Waliomeza nyingi kwa mara moja huokolewa na dawa inayorudisha akiba hiyo, na uzuri wake hutegemea sana kuwahi.

Yangu haikufika huko. Lakini ilitosha kunifanya nimtazame mshukiwa wangu upya. Nilikuwa nimemkamata kirusi kwa sababu alikuwa eneo la tukio. Kumbe na mimi nilikuwepo.

Hospitalini mambo huwa mazito zaidi. Mgonjwa wa korona aliyelazwa anaweza kupewa dawa tano ambazo kila moja ina historia yake na ini. Remdesiviri inaweza kupandisha ALT, na maelekezo yake yanawataka madaktari wafikirie kuisimamisha ikivuka mara kumi ya kiwango. Nirmatrelviri inayotolewa pamoja na ritonaviri haishauriwi kwa mwenye ini lililofeli, tena hugombana na dawa za waliopandikizwa viungo. Deksamethasoni, iliyoonekana Juni 2020 kuokoa maisha ya waliohitaji oksijeni, hupunguza makali ya kinga, na kinga ikilala, homa ya ini B iliyokuwa imelala inaweza kuamka. ALT ya mtu kama huyo ikipanda, utamlaumu nani? Unayemjua jina.

Hilo tuliliona 2022. Aprili ya mwaka huo Uingereza ilitoa taarifa ya watoto wadogo wenye homa kali ya ini isiyo na sababu, na kufikia Julai Shirika la Afya Duniani lilikuwa limepokea taarifa za watoto zaidi ya 1,000 kutoka nchi 35. Mitandaoni kesi iliamuliwa siku hiyohiyo: chanjo ya korona. Wengi wa watoto hao hawakuwa wamechanjwa. Walikuwa chini ya umri. Wengine wakasema basi ni korona yenyewe. Mwaka uliofuata tafiti zilielekeza kidole kwa kirusi kidogo kiitwacho AAV2, kisichoweza hata kuzaliana bila kubebwa na kirusi kingine, pamoja na aina fulani ya jeni za kinga ambayo wengi wa watoto hao walizaliwa nayo. Karibu hakuna aliyekuwa amelitaja jina hilo kabla.

## Shangazi

Nilikuwa nimeandika habari za vinyota vyangu kwenye kikundi cha ukoo, kwa maneno mengi kuliko ilivyohitajika. Jioni simu ikaita.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nasikia na wewe ini limekusemesha."

Shangazi yangu ana homa ya ini B ya miaka mingi na sirosisi, yaani ini limekuwa makovu. Anameza kidonge kimoja kila siku, hajawahi kukiruka. Alipata korona 2021. Wakati ule sikumuuliza lolote la ini. Nilimuuliza kama anapumua.

Sasa nikamuuliza.

Kwa watu wa hali yake kuna mizani ya herufi tatu. A ni ini lenye makovu linalojimudu, B linayumba, C limechoka. Aliingia hospitali akiwa A. Siku ya sita tumbo lilianza kujaa maji, miguu ikavimba, akawa anasahau siku. Alitoka baada ya wiki tatu akiwa B. Ilimchukua miezi kurudi A.

"Wewe mwanangu namba zilipanda," akaniambia. "Mimi nilishuka."

Baadaye nilitafuta takwimu za watu kama yeye, na nilitamani nisingezitafuta. Wataalamu wa ini walikusanya taarifa kutoka nchi 29 za wagonjwa 745 wenye maradhi sugu ya ini waliopata korona. Wasio na sirosisi walifariki asilimia 8. Wenye sirosisi, asilimia 32. Kwa herufi A ilikuwa asilimia 19, kwa C asilimia 51. Na wengi hawakufa kwa ini. Walikufa kwa mapafu, kama watu wengine, kwa sababu mwili wenye ini bovu hauna akiba: kinga ni dhaifu, damu haijui igande au ivuje, na kila homa ni mtihani.

Kwa hiyo swali langu la wiki zote zile, kirusi kinalifanya nini ini, lilikuwa nusu tu. Nusu ya pili ni ini unalokwenda nalo kwenye ugonjwa. Kwa mwenye ini zima, korona kwa kawaida huacha vinyota ambavyo hufutika. Kwa shangazi, ini ndilo lililokuwa likiamua kama atatoka.

Mwaka 2022 watu wanaoishi na homa sugu ya ini B duniani walikadiriwa kuwa milioni 254, na wengi wao hawajui. Shangazi yeye alijua. Alipotajiwa deksamethasoni ndiye aliyewakumbusha madaktari kuwa kidonge chake kisikatwe.

"Ukilijua ini lako unalisemea," akaniambia. Halafu akauliza: "Wewe la kwako kabla ya hapo lilikuwaje?"

Nikamwambia zima kabisa.

## Bahasha

Nilisema zima kabisa bila kufikiri, kama unavyosema hujambo.

Siku chache baadaye nilikuwa natafuta cheti fulani kwenye bahasha ya kazi ya zamani, na katikati ya makaratasi nikakuta vipimo vya afya nilivyofanyiwa kabla ya kuajiriwa. Nilikumbuka vizuri siku ile. Walinipa karatasi, nikaipeleka ofisini, wakapiga muhuri wa kufaa, nikaondoka nikishukuru.

ALT 58.

Nyota.

Tarehe: Agosti 2019.

Nilikaa kitandani na ile karatasi. Habari za kwanza za kirusi hiki zilitoka Wuhan Desemba 2019. Agosti hakikuwa na jina. Nyota yangu ilikuwa imemtangulia kwa miezi minne, imekaa kwenye bahasha na muhuri wa kufaa juu yake, wakati mimi nikijifunza jinsi ya kunawa mikono kwa sekunde ishirini.

Sikukasirika. Nilihisi kitu cha aibu zaidi, karibu na kusikitika. Nilikuwa nimemzoea mshukiwa wangu. Kirusi kina faida moja kubwa kama adui: kinatoka nje. Hukukialika, hukukilea, na kikiondoka unasema nimepona. ALT ya Agosti 2019 haikutoka nje.

Wiki ya sita nilipima mara ya tatu. AST 30, haina nyota. ALT 56.

Hamsini na sita! Nilizilaza karatasi mbili sambamba juu ya meza ya daktari, ya 2019 na ya juzi. Yule binti akazitazama zote mbili kwa muda mrefu.

"Umerudi pale ulipokuwa," akasema.

## Mafuta

Picha ya mawimbi ya sauti ilichukua dakika kumi. Jeli ya baridi, kifaa kinasukumwa chini ya mbavu, vuta pumzi, shikilia, achia. Kwenye kioo ini langu liling'aa kuliko figo lililo jirani yake, na mpigaji picha hakuhitaji kunieleza; nilikuwa nimeshasoma kiasi cha kujua kung'aa huko ni nini.

Si jambo la nadra. Makadirio ya sasa ni kama theluthi ya watu wazima duniani wana mafuta kwenye ini, wengi wao bila maumivu yoyote, na mwaka 2023 wataalamu waliubadilishia ugonjwa huo jina ili uhusianishwe wazi na sukari, uzito na mafuta ya mwilini. Wapo wanaobaki hivyo maisha yote. Wapo ambao mafuta huleta uvimbe, uvimbe ukaleta makovu, na mwisho wake ni herufi za shangazi.

Nikayakumbuka yale mafuta yaliyokutwa kwenye maini ya marehemu wa korona. Niliposoma mara ya kwanza niliyahesabu upande wa kirusi, bila kusita. Sasa najiuliza walioyaona kwenye hadubini walijuaje. Huenda kirusi kiliyaleta kwa kuvuruga mitambo ya seli. Huenda ni dawa, huenda ni siku nyingi za kitandani. Au yalikuwepo tangu Agosti fulani, na hakuna aliyefungua bahasha. Wenye uzito na sukari ndio waliokuwa wakizidiwa zaidi na korona, na haohao ndio wenye mafuta kwenye ini. Ukitaka kulitenganisha kosa la kirusi na la mafuta unajikuta unatenganisha maji na chumvi.

Nilimuuliza yule daktari kwa namna nyingine: ile ALT 96, kirusi kilichangia kiasi gani? Akainua mabega. Kirusi kidogo, moto wa mwili kidogo, parasetamoli, ini lililokuwa tayari limechoka. Hakuna mashine ya kugawa.

Kisha akavuta fomu ya miadi ijayo, baada ya miezi mitatu. Kuna mstari unaoulizia sababu ya kipimo. Kwa mazoea akaanza kuandika "baada ya koro", akasimama, akakata kwa mstari mmoja, akaandika "mafuta kwenye ini". Chini yake kuna nafasi nyingine ya tarehe tatizo lilipoanza.

"Tuseme lini?"

Nikamwambia 2019.

Akaandika 2019. Halafu, baada ya kufikiri kidogo, akaweka alama ya kuuliza mbele yake.